Tushirikisheni sisi wagonjwa kupanga ratiba ya zahanati

Ndugu Mhariri,

Nina kisukari mwaka wa 9 sasa. Siku ya kliniki natoka nyumbani alfajiri bila kula chochote ili nipimwe sukari, kumbe chumba cha vipimo hufunguliwa saa nne. Mwezi uliopita mama mmoja alianguka pale kwenye benchi, jasho likimtiririka. Iliniuma sana.

Azimio la Alma-Ata la 1978, lililotolewa na mkutano wa kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, lilitamka kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga huduma zao za afya. Nasi tuulizwe basi! Mimi ningeomba vipimo vianze saa moja, na wakati wa masika tupewe dawa za miezi miwili, maana mto ukijaa hatuvuki.

Mgonjwa wa kisukari,
Kilosa, Morogoro