Sahibu, kuhusu ile skripti yako ya matanga

Sahibu yangu, salamu nyingi kutoka Amu, huku wote wazima alhamdulillahi.

Skripti nimeisomea pale Mkunguni, nacheka peke yangu watu wananitizama, lakini kuna mahali imenipoteza na sikufichi. Yule mpwa wa marehemu anaekuja kupima vyumba vya nyumba kwa tepu na maiti bado haijaoshwa, wallahi hapo umepiga. Yuko siriasi kabisa, anamwambia mjane "mama samahani, nyanyua mguu kidogo", na mjane anaunyanyua huku analia. Hajui kama anachekesha, yeye ana hesabu zake, ndo mana tunacheka halafu tunaona haya. Sasa yule mlevi wa kuanguka kaburini mtoe, huyo anatuomba tucheke, na mziki wa vichekesho pia toa.

We si uliiona Parasite ya Bong Joon-ho, ile ya Korea Kusini ya 2019 iliyobeba Oscar ya filamu bora? Kumbuka ile harufu ya familia maskini iliyojipenyeza kufanya kazi kwa tajiri. Mwanzo ni mzaha tu, katoto ka tajiri kananusa kanasema hawa watu wote wananuka sawa, sisi tunacheka. Halafu mvua inapiga, nyumba ya hao maskini kule chini inafurika mpaka choo kinatapika, wanalala ukumbini na wenzao waliofurikiwa, na kesho yake mama tajiri yuko kwenye gari anasifu kwa simu vile mvua imesafisha hewa, huku anafungua dirisha kwa ajili ya harufu ya dereva, na dereva ndo yule yule aliyelala ukumbini! Mwisho tajiri anaziba pua na mtu anauawa. Mzaha ni ule ule wa mtoto, ila sa hii umekuja na kisu.

Kwa hivo tepu yako usiiache ipotelee ukurasa wa kumi. Wachimba kaburi wakitaka vipimo vya mwanandani, kile kishimo cha ndani anacholazwa maiti, ile kamba yao ya kupimia isionekane, aitwe mpwa. Ampime mjomba ake, aite namba kwa sauti ile ile aliyoitia vyumba, na mjane ndo awe ameshika ncha ya pili. Usimwandikie neno lolote hapo, wala asilie, we acha tu tepu ijirudishe kwa ile kelele yake.

Ugomvi wa hatimiliki uko sawa, punguza maneno kidogo tu.

Ukimaliza nipigie chapa umpe mtu anaepanda basi la Mokowe, simu yangu kioo kimepasuka sisomi kitu. Nisalimie mama sana.