Kabla Fundi Hajaifungua Injini

Limuru

Ndugu yangu Athmani,

Assalamu alaikum. Natumai wewe, mama watoto na mzee wetu hamjambo, na kwamba paa la karakana limekwisha kuezekwa upya. Sisi huku tu wazima. Wabaadu, nakuandikia kwa haraka kwa sababu fundi anataka kuifungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ya Datsun yangu Jumamosi hii, nami sitaki aiguse kabla sijapata neno lako.

Gari linachemsha, lakini kwa namna yake. Kwenye foleni ya Waiyaki Way, hata jua likiwa kali, mshale wa joto hutulia katikati. Balaa huanza ninapotoka Mai Mahiu kupanda kuja huku juu: nikiwa gia ya tatu, injini ikizunguka mara 3,500 hivi kwa dakika, mshale hupanda taratibu hadi karibu na mwisho, na nikipunguza mafuta hushuka wenyewe. Watu hawaamini kwamba 240Z, gari lililompa Shekhar Mehta ushindi wa mbio za magari za Safari Rally mwaka 1973, linaweza kushindwa na mlima wa lami. Kwa maoni yangu mwenendo huo unaiondolea lawama feni pamoja na klachi yake, maana gari lenye feni mbovu huchemsha likisimama, na likishika mwendo upepo huliponya. Hapa upepo upo tele. Maji ndiyo hayapiti ipasavyo.

Fundi haoni hivyo. Aliona mapovu kwenye mdomo wa rejeta, akatangaza papo hapo kwamba gasketi ya hedi imeungua na moshi wa injini unaingia kwenye maji, ilhali alikuwa ndiyo kwanza amebadilisha maji, na hewa iliyonaswa ndani hutoa mapovu mpaka iishe. Oili ni safi, haina weupe wa maziwa. Ekzosi haitoi moshi mweupe. Na asubuhi, kabla injini haijawashwa, mpira wa juu wa rejeta huwa laini, haujajazwa presha na chochote. Njoroge alisema pale pale kwamba yule bwana huona gasketi iliyoungua hata kwenye baiskeli.

Jana nilimwomba Njoroge huyohuyo akanyage mafuta huku mimi nimeinama juu ya injini na tochi. Ikizunguka polepole hapakuwa na la kuona. Alipoongeza, mpira wa chini wa rejeta ulianza kunywea ubavu mmoja, ukabonyea hadi kuta zake zikakaribia kugusana, na alipoachia ukajaa tena. Baada ya injini kupoa niliupapasa kwa nguvu, nisisikie waya wowote wa springi ndani yake wa kuuzuia usinywee. Nilitaka kufurahi, lakini nikakumbuka kwamba rejeta iliyoziba nayo huifanya pampu ivute kwa nguvu na kuunyonya mpira huohuo. Na kweli, pembe moja ya chini ya rejeta hubaki vuguvugu wakati sehemu nyingine hazigusiki. Kifuniko chake pia sikiamini, raba yake imekauka. Kwenu Mombasa huenda kingevumilika, lakini huku juu mlimani maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 92 au 93 tu, kwa hiyo kifuniko kisichoshika presha ya bar 0.9 kinatunyima akiba kubwa.

Narudi kwa fundi, kwa sababu ndiye anayeninyima usingizi. Nilimwuliza atauzuiaje mnyororo wa taimingi atakapoinua hedi, akacheka na kusema mnyororo haukimbii. Wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba pasipo kabari ya mbao ya kuubana, kile kikaza mnyororo huchomoka, na hapo itabidi kufungua mbele yote ya injini kwa ajili ya gasketi ambayo pengine ni nzima. Hedi yenyewe ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, imekaa miaka hamsini. Boliti zake sijui… basi, tuliache hilo.

Je, kile kifaa chako chenye maji ya buluu, yanayogeuka manjano yakikutana na moshi wa injini, bado unacho? Unaweza kumpa dereva wa basi aniletee kabla ya Ijumaa? Nianze na mpira mpya wenye springi na kifuniko, au niipeleke rejeta kwa mchomeleaji aifungue na kuisafisha kwanza? Na ile kutu inayojikusanya nyuma ya bloku, karibu na silinda ya tano na ya sita, wewe uliitoaje kwenye gari la Mzee Karama: kwa kufungua plagi ya maji ya ubavuni, au kwa kusukuma maji kinyume? Taimingi ya cheche za plagi iliyochelewa kidogo nayo, unadhani ingeweza kuleta joto la mlimani tu?

Nisalimie wote, na umwambie Mwanaisha kitabu chake nimekipata.

Wako,
Saidi