Bustani za Dodoma zipangwe kwa ajili ya Septemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni muuza miche. Kitalu changu kiko Ipagala, kando ya barabara, chini ya mwarobaini, na kilichonileta kwenu ni ile makala ya bustani mliyoichapisha majuzi, ya mimea inayoleta rangi wakati wa baridi huko Uingereza. Kuisoma ilikuwa tamu. Tabu ilianza wateja walipokuja nayo kitaluni.

Mmoja ni kijana mtumishi wa Serikali anayejenga Iyumbu. Ukurasa kaukata kwa mkasi, kaukunja vizuri ndani ya mfuko wa shati. "Shikamoo mama. Natafuta huu mti wenye fimbo nyekundu." Nikavaa miwani. Pichani ni kichaka cha kornasi, majani yote yamepukutika, zimebaki fimbo nyekundu tupu na theluji chini. Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Huu umezoea baridi ya kugandisha maji. Usiku wetu wa Julai, nyuzi 13 au 14, hautautambua hata kama ni baridi." Akaondoka hajaridhika, nadhani aliona namficha mali. Aliyemfuata alitaka holi, ule mti wa matunda mekundu ya Krismasi. Naye nilimrudisha mikono mitupu.

Sasa, makala ile ilikuwa na jambo la maana sana, ila lilifunikwa na majina ya mimea. Mwenye bustani wa Uingereza anajua kabisa kuna miezi bustani yake inakufa. Mwishoni mwa Desemba London haipati hata saa nane za mwanga wa jua kwa siku. Kwa hiyo mipango yake anaianzia hapo penye ubaya. Anapanda hamamelisi, inayochanua kwenye matawi matupu katikati ya baridi. Kornasi anaikata karibu na ardhi baridi inapokwisha, kwa sababu fimbo changa ndizo zenye wekundu mkali mwaka unaofuata. Holi anahakikisha jirani yupo dume, maana jike peke yake halizai. Rangi anaitafuta kokote iliko, iwe kwenye gome, kwenye tunda au kwenye jani, ua likikosekana.

Sisi miezi yetu mibaya ni mingine na chanzo chake ni kingine. Mwanga tunao mwaka mzima. Mchana wa Juni na wa Desemba hapa Dodoma haupishani hata saa moja. Tunachokosa ni maji. Mvua hutuaga Aprili, ikirudi ni mwishoni mwa Novemba au Desemba, na kwa mwaka mzima tunaambulia kama milimita 550 hadi 600. Juni na Julai ni kipupwe, Agosti upepo unaanza kubeba vumbi, na kufikia Septemba nyumba nyingi za mitaa ya Kisasa, Nkuhungu na hata Area D zina ukoka mweupe na vijiti ambavyo mwenye nyumba mwenyewe hakumbuki vilikuwa nini.

Hilo halitokani na ukame peke yake. Linatokana na siku tunazonunua miche. Watu wanakuja kwangu Januari na Februari, mvua zimekolea, kila kitu ndani ya kiriba, ule mfuko wa kuoteshea mche, kinang'aa. Januari kila mmea ni mzuri! Mteja anachagua kwa macho ya siku hiyo, anapakia kwenye bajaji, anaondoka. Sijawahi kuulizwa na mteja wa Januari, "Mama, huu Septemba unakuwaje?" Na sisi wauzaji, nisiwafiche, hatuna haraka ya kumwambia, kwa sababu mche uliokufa Agosti hununuliwa tena Januari.

Kinachoongoza kwa kuombwa ni nyasi. Kila anayehamia anataka paspalamu mlangoni. Hebu tupige hesabu ya kawaida tu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha nyasi cha mita 10 kwa 10, ukitaka kukirudishia milimita 4 tu kwa siku wakati wa jua na upepo wa Septemba, ni lita 400. Hayo ni madumu 20 ya lita 20, kila siku, na maji yenyewe mtaani kwetu yanakuja kwa mgawo. Mwenye kisima chake apande anavyotaka. Sisi wengine tuziache nyasi zilale, tuweke changarawe au mawe yetu ya huku, na yale madumu mawili matatu tunayoweza kuyamudu yaende kwenye mimea inayojua kuyatumia.

Nianze na bogenvilia, maana ndiyo ninayoifahamu kuliko yote na ndiyo inayoteswa kuliko yote. Ni mgeni kutoka Amerika Kusini, jina lake limetokana na nahodha Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville aliyeizunguka dunia kati ya 1766 na 1769, lakini kwa tabia ni Mgogo kabisa, mwenyeji wa hapa Dodoma. Ile rangi tunayoiita maua ni majani yaliyogeuka; ua lenyewe ni kile kijirija chembamba cheupe kilichojificha katikati. Ndiyo maana rangi yake inadumu, kwa sababu jani halinyauki upesi kama ua. Na mmea huu ukipata maji kila siku na samadi kila mwezi unanenepa, unatoa majani ya kijani na miiba mirefu, basi. Ukinyimwa maji kwa kiasi ndipo unapojaa rangi. Akina mama wawili wa mtaa mmoja pale Kilimani wamenunua kwangu mimea ya rangi moja, ya zambarau iliyokolea. Mmoja anamwagilia asubuhi na jioni, ana ukuta wa kijani. Mwenzake ni mwalimu, yuko shuleni kutwa, anaikumbuka Jumamosi tu. Wapita njia wanapiga picha kwa mwalimu. Yule wa kwanza kila akiniona ananiambia nilimuuzia dume.

Kwa hiyo, ikishakomaa na kushika mizizi, imwagilie kwa kushiba, kisha iache mpaka udongo ukauke vidole viwili kwenda chini. Ipogoe rangi inapoisha, kwa sababu matawi mapya ndiyo yanayobeba rangi. Usiipande karibu na njia ya watoto. Miiba yake haina adabu.

Wa pili ni mshubiri, na hapa sizungumzii alovera ya kupaka usoni. Kuna mishubiri ya porini, ile inayoota kwenye miamba na vichaka vya huku kwetu, majani mafupi magumu yenye meno pembeni. Kipupwe kikiingia inatoa bua refu lenye maua ya rangi ya machungwa au nyekundu, wakati kila kitu kingine kimejikunyata. Hapo utawaona chozi, wale ndege wadogo wa midomo iliyopinda, wanahamia uani kwako asubuhi na mapema. Ila tafadhali, watu wasiende kuing'oa vilimani. Mishubiri yote isipokuwa alovera imo kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na zaidi ya sheria, kilima kinabaki uchi. Mshubiri mmoja wa bustanini, kwa aina zinazotoa vichipukizi pembeni, unakupa vitoto vya kugawia majirani.

Adeniamu, ambayo wateja wengi wanaiita waridi la jangwani, ni ya kwetu Afrika na haina haja ya kuagizwa. Shina lake nene ni ghala la maji. Kiangazi linapukutisha majani na kuchanua maua ya rangi ya waridi kwenye matawi matupu, kwa hiyo yule kijana wa Iyumbu angeweza kabisa kupata alichokitamani bila theluji. Mwagilia kidogo mno siku za baridi, la sivyo shina linaoza. Utomvu wake ni sumu kali, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huutumia kwenye mishale, kwa hiyo nawa mikono ukiukata, na wenye watoto wanaotafuna kila kitu wasubiri wakue. Anayetaka lile tumbo nene aoteshe kwa mbegu. Kipandikizi cha tawi hakinenepi vile.

Mwenye eneo kubwa, shule au zahanati, nampa mwambangoma. Gome lake ni la mikwaruzo na miiba, majani yanaanguka kiangazi, halafu mti mzima unawasha maua mekundu bila jani hata moja. Tawi nene likichomekwa ardhini mvua zinapoanza linashika. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni nzuri kwa macho lakini ni sumu tumboni. Mjakaranda unafuata, Septemba na Oktoba, kisha mkrismasi kuelekea Desemba. Huu wa mwisho usiupande karibu na nyumba, mizizi yake inatambaa juujuu na kuinua sakafu. Minyaa ya uzio kila mtu anaijua, sina la kuongeza isipokuwa kwamba ipo aina yenye ncha za rangi ya machungwa, na rangi hiyo hukolea wakati wa baridi. Utomvu wake usikuingie machoni.

Kuhusu majani yanayobadilika rangi, ambayo makala yenu iliyasifu sana, nayo tunayo, ila kwetu yanakwenda kinyume. Wenzetu majani huwa mekundu yakikaribia kufa. Anayesafiri kwenda Tabora Septemba au Oktoba atakuta miombo imetoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba, kabla hata tone moja la mvua halijadondoka, kisha yanageuka kijani. Wekundu wa kuzaliwa. Nimewasikia abiria kwenye basi wakisema misitu imeungua.

Ushauri wangu sasa, na huu utanipunguzia biashara. Agosti na Septemba, tembea. Zunguka mtaa wako, zunguka Makole na Area C kwenye nyumba za zamani, tazama ni nini kimebeba rangi bila mtu kukihudumia. Bisha hodi, sema "hodi wenyewe", omba kijiti. Mgogo hamnyimi mtu kijiti. Bogenvilia chukua tawi lililokomaa la unene wa penseli, urefu wa kiganja na nusu, ondoa majani, lichomeke kwenye kiriba chenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kuloa. Vingine vitakufa, kwa hiyo chomeka vingi. Mvua za Desemba zikifika una mche wenye mizizi, na unajua tayari Septemba utakuwaje kwa sababu mama yake umemwona kwa macho. Miezi minne ya mvua inatosha kuusimamisha. Mche ulionunuliwa Machi unaingia kiangazi haujashika kitu.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwa wanaosimamia bustani za umma. Tumesikia mengi, na tunayaunga mkono, kuhusu kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, na mti wa kivuli hauna mjadala. Lakini bustani nyingi za ofisi na mizunguko ya barabara hupandwa kwa zabuni, na kazi nilizoziona zikikabidhiwa zilikabidhiwa Februari au Machi. Mkubwa anakuja, anaona maua, anasaini, mkandarasi analipwa. Julai magari ya maji yanaanza kuhangaika na kufikia Oktoba tunapanda upya. Mikataba hiyo iandikwe kwamba ukaguzi wa mwisho, na sehemu ya malipo, ni Septemba, baada ya miezi mitano bila mvua. Wakandarasi ni wateja wangu pia, na wengine watanichukia kwa hili, lakini nawahakikishia kwamba mwaka huohuo wataanza kuniuliza swali ambalo mteja wa Januari haniulizi.

Muuza miche,
Ipagala, Dodoma