Jumamosi: Muda wa Kuchoma Umebadilika

Habari za jioni wapendwa,

Jumamosi tunaanza kuchoma vipande vyetu vya udongo wa bronzi (unga wa bronzi unaofinyangwa kama udongo, ukichomwa unakuwa bronzi ngumu) saa 2 asubuhi badala ya saa 4, palepale karakana. Kuchoma huchukua saa nyingi, na bronzi lazima ifukiwe kwenye makaa ya vifuu isikutane na hewa. Tanuri halifunguliwi katikati, hata mnibembeleze vipi 😄

1. Mchango ni Sh 1,500 wa udongo na makaa. Mwisho Alhamisi jioni.
2. Vipande vikauke kabisa. Chenye unyevu hupasuka, sitakipokea.
3. Wenye pete, zidisheni saizi. Udongo huu husinyaa ukichomwa.
4. Msasa kila mtu aje na wake.

Tafadhali jibu NAKUJA au SIJI kabla ya kesho saa 6 mchana, na idadi ya vipande vyako. Sanduku la kuchomea, tunamofukia vipande kwenye makaa, ni dogo.

Asanteni.