Sio lazima utenganishe ndo upime

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi mlitoa makala ya wanafunzi inasema ukiwa na mchanganyiko wa sodiamu haidroksaidi na sodiamu kaboneti lazima kwanza uvitenganishe ndo upime kimoja kimoja. Jamani hapana! Asidi yenyewe inakutenganishia humo humo kwenye flaski.

Iko hivi. Unachukua 25 cm³ za mchanganyiko kwa pipeti, unatia matone mawili ya fenolfthalini, ile dawa ya kuonyesha kwa rangi asidi ilipofikia, inakuwa pinki, halafu asidi ya haidrokloriki 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) unaidondosha kutoka kwenye bureti, mrija wenye vipimo, huku unazungusha flaski, rangi ikifutika simama usome, tuseme 22.0 cm³. Hapo haidroksaidi yote imekwisha ila kaboneti iko nusu njia tu, imegeuka baikaboneti, na hapa ndo wengi wanapoanguka maana wanaona rangi imeondoka wanadhani kazi imeisha. Usimwage kitu! Ongeza methili oranji, dawa nyingine ya rangi, itakuwa njano, endelea na asidi mpaka igeuke rangi ya chungwa, tuseme zimeingia 8.0 zingine. Hiyo 8.0 ni nusu ya pili ya kaboneti, na nusu ya kwanza ilikula 8.0 vile vile, kwa hiyo kaboneti nzima imekula 16.0 na haidroksaidi imekula 22.0 toa 8.0, yaani 14.0. Piga hesabu utapata haidroksaidi gramu 2.24 kwa lita na kaboneti kama gramu 3.39.

Utamu wake ni kwamba zile namba mbili za asidi ulizosoma kwenye bureti zinakwambia hadi kilichomo. Zikilingana ni kaboneti tupu, ya pili ikiizidi ya kwanza basi haidroksaidi hamna humo, ni kaboneti na baikaboneti. Na ule mchanganyiko wa haidroksaidi na kaboneti mara nyingi hata hauutengenezi wewe, haidroksaidi ukiiacha wazi inanyonya kaboni dioksaidi ya hewani, kaboneti inajizalia yenyewe.

Anayetaka kutenganisha kweli atumie bariamu kloraidi, kaboneti yote inashuka kama unga mweupe, unapima haidroksaidi iliyobaki kwa fenolfthalini. Ila bariamu ni sumu, sio ya kuchezea.

Halafu makala haikusema kabisa habari ya pupa. Ile awamu ya kwanza asidi ukiimimina haraka inarundikana sehemu moja, kaboni dioksaidi inatoka kabla ya wakati wake na namba zote mbili zinaharibika. Naomba mrekebishe, wanafunzi wanakata hizo kurasa wanaenda nazo maabara.