Kikao cha Jumamosi: mahojiano na manusura wa ukatili wa kijinsia mtandaoni

Ndugu wanakikundi, hamjambo?

Kikao chetu cha Ijumaa kimeahirishwa hadi Jumamosi hii, saa 3:00 asubuhi, katika ukumbi wetu wa kawaida hapa Tononoka, Mombasa, kwa sababu mshauri nasaha tuliyemwomba hatakuwa na nafasi kabla ya siku hiyo, nami sioni vyema tuanze mahojiano bila yeye.

1. Kila mmoja asome vifungu vya 27 na 37 vya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya Kenya ya mwaka 2018, vinavyohusu unyanyasaji wa mtandaoni na usambazaji wa picha za faragha.

2. Mchango ni shilingi 500, kabla ya Alhamisi jioni, kwa ajili ya nauli za manusura.

Nawasihi sana msitume humu picha za skrini za matusi au vitisho walivyotumiwa manusura, hata kama majina yamefutwa, kwani kila nakala mpya humrudishia mwenyewe aibu na hofu ileile iliyomfanya abadilishe namba ya simu, afunge akaunti zake au akose usingizi. Manusura akisita katikati ya mahojiano, tunasimama hapo hapo, wala hadaiwi sababu.

Tafadhali thibitisheni kuhudhuria kwenu kufikia Jumatano usiku. Asiyeweza kufika aniandikie faraghani, ili zamu yake ya mahojiano apewe mwenzake mapema.

Asanteni sana.