Aliniuliza nampikia nani, mbele ya fundi

Anti, habari za kazi. Nakuandikia saa kumi na robo alfajiri. Upepo umepiga mabati tangu saa saba, na mwenzangu anakoroma chumbani kama hakuna lililotokea. Huu ni usiku wa tatu sijalala. Nakuomba usiniambie nikae naye tuongee, najua ndiko utakakoanzia. Shida yangu ni jiko. Nataka ushauri wa jiko tu.

Nyumba zetu za Nzuguni unajua zinavyojengwa. Msingi mwaka huu, lenta mwaka wa tatu, bati mpaka mtu astaafu. Sisi imetuchukua miaka 9. Kwa miaka yote hiyo nimeomba kitu kimoja. Sikuomba jipsamu, sikuomba geti la umeme, hata vigae vya sebuleni walichagua wengine. Niliomba jikoni iachwe nafasi ya jiko kubwa la pleti sita, la chini oveni, lile ambalo sufuria la kilo kumi za mchele linakaa bila kuyumba. Mume wangu akakubali. Yeye kwa mdomo wake alimwambia fundi wa kwanza, "Hapo paache, hapo ni pa mama." Nafasi ipo mpaka leo, sentimita 92 kati ya kaunta na kaunta. Nimeweka meza ya plastiki, juu yake jiko la pleti mbili, chini mtungi wa kilo 6.

Jumamosi akaja fundi wa makabati. Wifi yangu naye alikuwepo, unawajua watu wa aina yake, hakosekani penye jambo la kusimulia kesho. Fundi akavuta futi akaniuliza, "Mama, jiko lenyewe upana gani, nisije nikalibana?" Nikamwambia sentimita 90. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akasema, "Jiko la hoteli la nini na tumebaki wawili? Wewe unampikia nani?"

Futi ilimponyoka fundi, ikarudi yenyewe kwenye kibweta chake, ikalia ta! Wifi akacheka. Mimi nikageukia sinki nikaanza kuosha vikombe vilivyokuwa visafi.

Nampikia nani. Huyo wifi aliyecheka alikaa kwangu miaka mitatu akisoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na hakuna siku aliyorudi jioni akakuta sufuria limefunikwa halina kitu. Wadogo zake wanne walipita kwangu, tukiwa bado tumepanga Chang'ombe, vyumba viwili, napikia koridoni jiko la mkaa, huku mguu mmoja nazuia mlango usipigwe na upepo. Baba mkwe alipofariki nilikaa Mpwapwa siku tatu kwenye moshi wa mafiga, macho yamevimba, watu wakadhani ni kilio. Hakuna aliyeniuliza wakati ule nampikia nani.

Haya, jiko. Yako mawili, na nimechoka kuyafikiria.

La kwanza ni la mtumba, lilikuwa kwenye mgahawa uliofungwa. Stenlesi tupu, pleti sita za chuma kizito, linauzwa 1,900,000. Fundi wa gesi ninayemwamini alikwenda kuliangalia, na alinieleza bila kunibembeleza. Majiko ya hoteli hayajatengenezwa kwa kukaa katikati ya makabati ya mbao. Pembeni na mgongoni hayana vile vizuia joto walivyoweka kwenye majiko ya nyumbani, kwa hiyo yanataka ukuta usioshika moto na nafasi ya kupumua kila upande. Mlango wa oveni yake unapata moto hata kwa nje, ukiugusa unaungua. Halafu pleti moja peke yake inaweza kutoa kilowati sita, wakati pleti kubwa ya jiko la kawaida la nyumbani inazunguka kwenye tatu. Kilowati sita ni karibu nusu kilo ya gesi kwa saa. Ukiwasha zote kwa pamoja, mtungi wa kilo 15 hautahimili. Utatoa jasho na kuwa wa baridi kama soda, moto utanywea na gesi ingali imo ndani. Ndiyo maana anasema lazima mtungi wa kilo 38, ukae nje ya nyumba, regulata yake na mpira wake vilingane na jiko, na juu pawe na chimni ya feni inayotupa moshi na joto nje kabisa, siyo ile inayozungusha hewa humo humo. Chimni hiyo haimo kwenye bei.

La pili ni jipya, la Kiitaliano, la nyumbani lakini lina sura ya hoteli. Sentimita 90, pleti tano, ya katikati ina pete tatu za moto kwa ajili ya sufuria kubwa. Mlango una vioo zaidi ya kimoja, nje haliunguzi mtu. Na lina kitu ambacho fundi alikirudia mara mbili: moto ukizimwa na upepo, gesi inajifunga yenyewe. Lile la mtumba halina. Dirisha langu la jikoni linatazama mashariki, na upepo wa Dodoma wa Julai unaujua. Bei yake 3,400,000. Nozeli zake ni za gesi ya bomba, inabidi wabadilishe waweke za gesi ya mtungi, la sivyo moto unatoka wa manjano na sufuria zinapaka masizi. Muuzaji anasema watabadilisha bure.

(Mwanangu aliye Marekani alinitumia picha ya jiko la kampuni ya Wolf, yale yenye swichi nyekundu, akasema mama nitakuletea. Nikalipenda mpaka nikaiweka picha kwenye simu. Fundi akaniambia umeme wake ni wa volti 120, wetu ni 230. Nikaifuta.)

Akili yangu inasema la Kiitaliano. Mjukuu wangu ana miaka mitatu na kila kitu anakishika. Lakini moyo, Anti, moyo uko kwenye lile zito. Nilipolishika nilihisi ni jiko la mtu ambaye watu wanakula kwake.

Na pesa si zake. Naomba hilo lieleweke. Ni gawio langu la kikoba, Desemba hadi Desemba kwa miaka miwili, nimenunua hisa huku najinyima vitenge. Sijamwomba hata shilingi. Kwa hiyo akisema gharama, gharama ya nani? Jumapili alisema tena, safari hii kwa upole, "Kama ungekuwa unafanya biashara ya chakula ningekuelewa." Hiyo ndiyo iliyoniua zaidi. Ningekuwa nawauzia watu nisiowajua, jiko lingekuwa na maana. Kwa watoto wetu halina.

Sitaki aniombe radhi. Mwanamume wa miaka 63 haombi radhi kwa ajili ya jiko, na mimi si mtoto. Ila angesema tu mbele ya yule yule wifi kwamba hapo ni pa mama, kama alivyosema mwanzo, ningelala.

Kuna jambo moja sijakwambia. Jumatatu nilitoa 900,000 ya utangulizi kwa lile la mtumba. Nilikwenda peke yangu kwa bodaboda, sikufikiri mara mbili, nilikuwa na ile sauti kichwani. Mwenye nalo anataka iliyobaki Ijumaa, asipoipata anamuuzia mwingine, na sijui kama atanirudishia yangu maana hatukuandikishana. Mume wangu hajui. Katika miaka 34 sijawahi kumficha pesa, hata ya chumvi. Jana usiku aliniuliza mbona siongei, nikasema kichwa kinaniuma. Akaenda kunichemshia maji ya tangawizi, kwenye hako hako kajiko ka pleti mbili. Nikayanywa nikiona aibu.

Ukweli ni kwamba alipouliza sikuwa na jibu. Ningekuwa nalo ningemjibu pale pale, mdomo ninao. Mkubwa yuko Mwanza, wa mwisho ndiyo huyo wa Marekani. Wa kati yuko Dar na ndiye mama wa huyo mjukuu. Treni ya SGR ilipoanza 2024 nilijipanga, nikasema kama kutoka Dar ni saa nne tu, watakuja kila mwisho wa mwezi. Nikanunua sahani kumi na mbili za udongo. Wamekuja mara mbili. Sahani nyingine bado zina karatasi za dukani.

Sasa niambie. Nimalizie pesa Ijumaa lije, halafu alikute tu limekaa mahali pake? Au nimwambie leo asubuhi kabla hajatoka kwenda kusali, nipoteze hiyo laki tisa, tukalitazame la Kiitaliano tukiwa wote? Nilisema sitaki kuongea naye. Sijui tena nataka nini. Fundi wa makabati naye amepiga simu mara mbili anataka vipimo, anasema mbao zimeshafika, akate upande ule au aache.

Nimemwambia asubiri, asikate chochote kwanza.

Mama M., Nzuguni, Dodoma